Kolesteroli na kala-azar: seli ya kinga inapolegezwa

*Kimelea kinachoua watu katika nyanda kame za Afrika Mashariki hakizikimbii seli za kinga. Kinaingia ndani ya mojawapo na kuulegeza utando wake wa mafuta. Watafiti wanabishana: kuurudishia utando huo kolesteroli ni tiba, au ni kumsaidia adui?*

Kichuguu chenye nyufa katika nyanda kavu za Baringo hutunza unyevu hata pale udongo wa jirani umegeuka vumbi. Humo ndimo usubi anamopumzika mchana kutwa. Jua likichwa anatoka. Hana mlio kama wa mbu, urefu wake ni milimita chache tu, na mchungaji aliyejiegemeza hapo akisubiri mbuzi warejee huenda asihisi zaidi ya mchomo mdogo shingoni.

Anayeuma ni jike, maana anahitaji damu ili mayai yake yakue. Haingizi mrija kwenye mshipa kama afanyavyo mbu. Huichana ngozi, damu ikajikusanya kwenye kidonda, naye akanywa hapo. Akiwa amebeba vimelea vya Leishmania donovani, hutapika baadhi yake ndani ya kidimbwi hicho kidogo.

Kuanzia hapo mambo huenda kinyume na matarajio. Kimelea hukubali kumezwa na seli ya kinga iitwayo makrofaji, ambayo kazi yake ni kuwameza wavamizi, kuwameng'enya na kuvianika vipande vyao juu ya utando wake ili seli T zivione na kuanza mashambulizi. Ila kimelea hiki kikimezwa hakimeng'enyeki. Kinakaa humo, kinagawanyika, na makrofaji iliyopaswa kupiga mbiu inanyamaza.

Miezi inapita. Homa haikatiki, mwili unakonda, wengu unavimba hadi tumbo la mtoto linajaa upande wa kushoto, damu inapungua. Huyo ni mgonjwa wa kala-azar. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu kati ya 50,000 na 90,000 huugua kila mwaka, na asiyetibiwa hufa karibu kila mara: zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Zamani mzigo mkubwa ulikuwa India na Bangladesh. Leo uko kwetu, kuanzia Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia hadi Somalia, kaskazini mwa Kenya na Karamoja nchini Uganda.

Makrofaji inanyamazishwaje? Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa kwenye protini, na protini kadhaa zilipatikana kweli. Lakini sehemu ya jibu, na kwa maoni yangu sehemu iliyopuuzwa kuliko zote, iko kwenye mafuta.

Tabaka mbili za mafuta

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wenye unene wa takriban nanomita 5, yaani sehemu tano za milioni moja za milimita. Mwaka 1925 watafiti wawili wa Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel, waliyatoa mafuta yote ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji na kupima eneo lililofunikwa. Likatoka karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha kuwa utando una tabaka mbili za mafuta, na hawakukosea. Mwaka 1972 Seymour Singer na Garth Nicolson wakaongeza kwamba tabaka hizo hazikuganda: protini zinaelea na kusafiri ndani yake.

Zinasafiri kwa wepesi gani? Hapo ndipo kolesteroli, au lehemu, inapoingia. Samli iliyoganda asubuhi ya baridi Limuru ingekuwa inamiminika adhuhuri ya Mombasa. Utando wa seli nao ungeyumba hivyo hivyo kama si kolesteroli, inayojipenyeza kati ya mafuta mengine, ikayabana yasilegee mno na kuyatenganisha yasigande. Katika utando wa nje wa seli nyingi za binadamu, karibu molekuli moja katika kila tatu za mafuta ni kolesteroli.

Daktari wa moyo huizungumzia kolesteroli kama adui wa mishipa, na katika uwanja wake ana haki. Lakini hiyo ni kolesteroli inayosafiri kwenye damu na kujikusanya mahali isipotakiwa. Iliyomo ndani ya utando ni kiungo cha ujenzi. Bila hiyo hakuna seli ya binadamu inayosimama.

Mwaka 1997 Kai Simons na Elina Ikonen walipendekeza kwamba kolesteroli na mafuta ya jamii ya sfingolipidi hujikusanya pamoja, yakafanya visehemu vilivyobanana zaidi ndani ya utando uliolegea, na kwamba protini za kupokea ishara hupenda kukaa humo. Wazo hilo lilipokewa kwa shangwe, kisha likapigwa vita, kwa sababu visehemu vyenyewe ni vidogo mno na hudumu muda mfupi mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Ubishi huo bado upo. Lisilobishaniwa sana ni kwamba ukiichota kolesteroli kutoka utando wa seli ya kinga, mawasiliano yake yanavurugika.

Makrofaji za Kolkata

Mwaka 2005 kundi la Syamal Roy, katika Taasisi ya Biolojia ya Kikemia ya India mjini Kolkata, lilichapisha jaribio ambalo mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa kala-azar angependa kulisikia. Walichukua makrofaji za panya, wakaziambukiza kimelea, kisha wakazitia rangi inayong'aa ambayo hukaa katikati ya mafuta ya utando.

Rangi hiyo ina tabia inayofaa sana. Ukiimulika kwa mwanga uliopangwa kwenye mwelekeo mmoja, rangi iliyobanwa na mafuta huurudisha mwanga ukiwa bado umepangika. Rangi iliyo huru kuzunguka huurudisha ukiwa umevurugika. Makrofaji zilizoambukizwa zilirudisha mwanga uliovurugika zaidi kuliko zile nzima. Mafuta ya utando wao yalikuwa yamelegea.

Wakazikutanisha na seli T. Hazikuitikia kama zilivyoziitikia makrofaji nzima. Kipande cha antijeni, yaani cha mvamizi aliyemeng'enywa, huwekwa juu ya protini maalumu kwenye utando ili seli T ikikague. Na protini hizo, zikiwa zimesambaa ndani ya mafuta yaliyolegea, hazikushikamana na kupangika vya kutosha kuiamsha.

Kisha likaja jaribio ninaloliona ndilo zito kuliko yote. Wakazipa zile makrofaji zilizoambukizwa kolesteroli, ikiwa imefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta viitwavyo liposomu. Utando ukakaza. Seli T zikaanza kuitikia tena.

> Waliurudishia utando kolesteroli yake, na seli T zilizokuwa zimepuuza makrofaji zikaanza kuitikia tena.

Mwaka 2009 kundi hilo likaenda mbali zaidi, likawatibu hamsta. Mnyama huyu hutumika kwa sababu kala-azar humdhoofisha na kumuua kwa namna inayokaribia ile ya binadamu, tofauti na panya wengi wa maabara ambao hujitahidi na kuudhibiti ugonjwa. Hamsta waliopewa liposomu za kolesteroli walipungukiwa sana vimelea kwenye ini na wengu.

Jambo jingine lilikuwa likiwasumbua madaktari muda mrefu: wagonjwa wa kala-azar huwa na kolesteroli ya chini katika damu. Wengi waliliweka chini ya kichwa cha utapiamlo na kuendelea na kazi. Mwaka 2013 Roy na Suvendra Bhattacharyya wakaonyesha kuwa, angalau kwa panya, kimelea chenyewe kina mkono hapo. Hutoa kimeng'enya kiitwacho gp63 kinachofika hadi ndani ya seli za ini na kuikata protini iitwayo Dicer1. Ini likipoteza Dicer1 haliwezi kutengeneza kiasi cha kutosha cha kipande cha RNA kiitwacho miR-122, na kipande hicho kikipungua, utengenezaji wa kolesteroli nao unashuka. Panya waliorudishiwa miR-122 walipandisha kolesteroli, na vimelea kwenye ini vikapungua.

Yaani kimelea kinakaa ndani ya seli moja, kikapunguza malighafi ya tando za mwili mzima kutoka kiwandani. Sijui mvamizi mwingine mwenye ustadi wa aina hiyo kwa umbile dogo kama lile.

Hyderabad wanasema ngoja

Hadithi ingekuwa nyepesi kama ingeishia hapo. Haikuishia.

Mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya tangazo la Kolkata, kundi la Amitabha Chattopadhyay mjini Hyderabad lilikuwa limefanya kinyume chake. Walitumia aina ya siklodekstrini, molekuli ya sukari yenye umbo la pete ambayo hunasa kolesteroli katika tundu lake la katikati, wakaichota kolesteroli kutoka kwenye utando wa makrofaji. Vimelea vilivyoweza kuingia vikapungua. Kolesteroli iliporejeshwa, vikaingia tena.

Kwa maneno mengine, kimelea kinaihitaji kolesteroli ya utando ili kushika na kumezwa. Ukiyasoma matokeo hayo peke yake, utasema dawa ni kuipunguza. Ukiyasoma ya Kolkata peke yake, utasema dawa ni kuiongeza.

Cape Town pia ina neno katika ubishi huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliwapaka panya wenye leishmania ya ngozi dawa ya simvastatini, na mwaka 2016 wakaripoti kuwa vidonda vilikuwa hafifu zaidi. Simvastatini ni ya jamii ya statini, dawa za kupunguza kolesteroli ambazo ya kwanza iligunduliwa na Mjapani Akira Endo miaka ya 1970 ndani ya ukungu. Hapo tena kupunguza kunaonekana kusaidia. Ila kimelea walichokitumia ni Leishmania major, kinachobaki kwenye ngozi, si donovani anayeshuka kwenye wengu na uboho.

Binafsi naona Kolkata na Hyderabad hawapingani kwa kiwango kinachodaiwa. Mmoja anapima saa ya kuingia, mwingine anapima siku na wiki baada ya kuingia. Makrofaji ambayo bado haijaambukizwa ikiwa na kolesteroli nyingi ni rahisi kuingilika. Iliyokwisha kuambukizwa ikiwa na kolesteroli chache haiwezi kutoa taarifa. Tatizo ni kwamba mgonjwa aliyelala kitandani Kacheliba, Kenya, au Amudat, Uganda, ana makrofaji za aina zote mbili kwa wakati mmoja. Dawa ikiingia kwenye damu haichagui.

Ndiyo maana mizani ya ushahidi wa wanyama wazima ina uzito kwangu kuliko ya seli zilizotengwa kwenye sahani. Hamsta ana makrofaji za aina zote mbili pia, na alipopewa kolesteroli hakuzidiwa. Aliimarika. Hata panya wenye kolesteroli nyingi kupita kiasi, katika utafiti mwingine wa Kolkata wa mwaka 2012, waliustahimili ugonjwa kuliko wenzao.

Kubonyea kwa seli

Mambo mawili huchanganywa mara nyingi, hata na waandishi wa sayansi. Wepesi wa mafuta kusafiri ndani ya utando ni jambo moja. Ukakamavu wa seli nzima, yaani nguvu inayohitajika kuibonyeza, ni jingine. Huo hutegemea zaidi mtandao wa nyuzi za protini ya aktini uliotandikwa chini ya utando. Ila mtandao huo umeshikizwa kwenye utando wenyewe, kwa hiyo mafuta yakivurugwa, ukakamavu nao unaweza kubadilika.

Ukakamavu hupimwa kwa hadubini ya nguvu za atomi, iliyobuniwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber. Ncha yake nyembamba huishukia seli, huibonyeza kidogo, na kupinda kwa wenzo wake hueleza seli ilikaza kiasi gani. Kwa kifaa hicho watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliripoti mwaka 2020 kuwa seli za dendriti, ambazo ni ndugu wa makrofaji katika kazi ya kuonyesha antijeni, zikikomaa hukaza mara mbili hadi tatu. Kukaza huko kunazirahisishia seli T kuamka.

Sababu yake si fumbo. Seli T haiangalii antijeni tu; inaivuta. Kipokezi chake hushika kipande kile na kukivuta kwa nyuzi zake za aktini, na mvuto huo ni sehemu ya ishara. Seli inayobonyea haitoi ukinzani wa kuvutiwa.

Saratani imelijua hilo muda mrefu. Seli za saratani kwa kawaida ni laini kuliko seli zenye afya zilikotoka, na mwaka 2021 kundi la Li Tang mjini Lausanne, Uswisi, lilionyesha kuwa mojawapo ya sababu ni kolesteroli iliyojazana kwenye utando wao. Walipoichota kwa siklodekstrini, seli zikakaza, na seli T zikaziua kwa ufanisi zaidi. Cha ajabu ni kwamba sumu za seli T hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni nguvu ya kimwili zilizoitumia. Hilo linaafiki matokeo ya New York ya mwaka 2016, ambapo kundi la Morgan Huse lilibaini kuwa seli T huukaza utando wa adui kwa kuuvuta ili protini iitwayo perforini itoboe kwa urahisi.

Msomaji makini ameshaona mkanganyiko. Kolkata kolesteroli ikiongezeka utando unakaza. Lausanne ikipungua seli inakaza. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu mmoja alipima mafuta na mwingine alipima seli nzima, na kwa sababu makrofaji si seli ya saratani. Anayetaka kanuni moja ya kolesteroli kwa seli zote atachoka bure.

Na ukakamavu haukomi kwenye seli nyeupe. Pwani ya Kenya, karibu mtu 1 katika kila 10 huko Kilifi ana angalau nakala moja ya kundi la damu liitwalo Dantu. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake wa mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome, wakishirikiana na wataalamu wa Cambridge, walichunguza damu ya watoto 42 na kugundua kuwa utando wa chembe nyekundu zenye Dantu umekazika zaidi. Walilijua hilo kwa kurekodi jinsi utando unavyotetema. Kimelea cha malaria huja, kinagusa, kinajaribu kuusukuma utando uliokaza, kinashindwa. Hapo chanzo ni protini iliyobadilika, si mafuta, lakini matokeo ni yaleyale: unavyokaza utando ndivyo kimelea kinavyopata taabu.

Majibu mawili ya mwaka mmoja

Ubishi wa kolesteroli umegawanya hata wanaochunguza seli T zenyewe, na mwaka 2016 ulipamba moto.

Kundi la Chenqi Xu, Shanghai, lilizuia kimeng'enya ACAT1, ambacho kazi yake ni kuichukua kolesteroli ya ziada na kuihifadhi kwenye matone ya mafuta ndani ya seli. Kimeng'enya kikizuiwa, kolesteroli nyingi zaidi hubaki kwenye utando, vipokezi vya seli T hujikusanya vizuri zaidi, na seli hupambana na uvimbe wa panya kwa nguvu zaidi. Walitumia avasimibe, dawa iliyokuwa imeshajaribiwa kwa binadamu kwa ajili ya mishipa ya moyo na kuachwa kwa kukosa manufaa.

Mwaka huohuo kundi la Wolfgang Schamel, Freiburg, Ujerumani, likaeleza kuwa kolesteroli hukishikilia kipokezi cha seli T katika hali ya kulala, na kwamba lazima kiachane nayo ndipo kiamke. Upande mmoja kolesteroli inaamsha, upande mwingine inabembeleza usingizi.

Usomaji wa haraka utawafanya mmoja awe mwongo. Mimi nasoma hivi: molekuli moja moja iliyoshikamana na kipokezi kimoja inakituliza, na wingi wa kolesteroli kwenye utando unavisaidia vipokezi vingi kukusanyika. Kazi mbili, kiwango cha ukubwa tofauti. Kwa mgonjwa, hata hivyo, maana yake ni kwamba dozi itakuwa kila kitu.

Sindano za Kacheliba

Mabishano haya yangeweza kubaki maabara kama baadhi ya dawa za kala-azar zenyewe zisingekuwa dawa za mafuta ya utando.

Amfoterisini B ilitolewa miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo wa bonde la Orinoco, Venezuela. Huishika ergosteroli, ambayo ndiyo inayoshika nafasi ya kolesteroli katika utando wa kuvu na wa Leishmania, na kuuvuruga utando huo. Kwa bahati mbaya huishika na kolesteroli ya binadamu, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi, ndiyo maana dawa ya zamani iliwaumiza watu figo na kuwatetemesha kitandani. Suluhisho lilikuwa kuifunga ndani ya liposomu, dawa inayouzwa kwa jina la AmBisome. Na liposomu hizo, kwa taarifa ya wale wanaoiogopa kolesteroli katika kila umbo, zimeundwa kwa kolesteroli ndani yake.

India walipata matokeo ya kuonewa wivu. Mwaka 2010 iliripotiwa kuwa dozi moja tu ya dawa hiyo, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, iliponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Walipojaribu dozi hiyohiyo Afrika Mashariki, waliopona hawakufika 60 katika kila 100, na jaribio likasimamishwa. Dawa ni moja, jina la kimelea ni moja, lakini wagonjwa wetu hawakupona vile.

> Dozi moja iliyowaponya Wahindi 95 katika kila 100 haikuwaponya hata 60 katika kila 100 Afrika Mashariki.

Kwa hiyo mgonjwa wa huku amebaki na sindano. Mwaka 2010 WHO ilipendekeza siku 17 za dawa ya antimoni pamoja na paromomaisini, mbili kila siku, zote zinazouma. Antimoni inaweza kuvuruga moyo na kongosho. Hebu fikiria mtoto wa miaka 6 aliyekonda, asiye na nyama ya kuchomwa, akisubiri sindano ya 34.

Nafuu inakuja kupitia miltefosini, kidonge kilichoanza maisha kikichunguzwa kama dawa ya saratani. Umbile lake linafanana na mafuta ya utando yenyewe. Hujipenyeza humo na kuvuruga jinsi kimelea kinavyojitengenezea mafuta. Jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia, likiratibiwa na taasisi ya DNDi, lilihusisha wagonjwa 439. Miltefosini na paromomaisini kwa siku 14 iliponya asilimia 91.2, dhidi ya 91.8 ya tiba ya siku 17. Sindano moja kwa siku badala ya mbili, na antimoni nje. Kikwazo ni kuwa miltefosini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke wa umri wa kuzaa hulazimika kutumia uzazi wa mpango, jambo ambalo katika boma la Pokot halimalizwi na muuguzi peke yake.

Njaa inapokuwa sehemu ya ugonjwa

Mtoto mwenye utapiamlo ana hatari kubwa zaidi ya kupata kala-azar kamili baada ya kuambukizwa, na wengi wanaofika hospitalini ukanda huu wamekonda kabla ya homa ya kwanza. Mtu mwenye njaa mara nyingi ana kolesteroli ya chini. Kimelea kinaishusha zaidi. Kama makrofaji zake zinapoteza uwezo wa kuziamsha seli T kwa kukosa mafuta ya kutosha kwenye utando, basi njaa na kimelea vinasukuma upande uleule, na tofauti kati ya India na Afrika Mashariki inastahili kutazamwa kwa jicho hilo pia, si kwa jicho la aina ya kimelea na dozi pekee.

Hilo halina maana kwamba mgonjwa ameze samli. Kula mafuta hakuyapeleki moja kwa moja kwenye utando wa makrofaji iliyoambukizwa. Wala halina maana kuwa liposomu za kolesteroli ziko tayari kwa binadamu. Ushahidi wake umebaki kwa hamsta na panya, na Hyderabad imetupa sababu ya kuwa na hadhari.

Juni 2024 WHO na serikali za kanda zilizindua Nairobi mkakati wa kuitokomeza kala-azar Afrika Mashariki kama tatizo la afya ya umma. Bangladesh ilishathibitishwa mwaka 2023 kuwa imefikia hatua hiyo, ya kwanza duniani. Mkazo wa kazi ni kupima mapema, kutibu mapema na kupambana na usubi, na hapo sina ugomvi.

Ningeongeza safu moja tu kwenye fomu ya mgonjwa: kolesteroli siku ya kulazwa, siku ya kuruhusiwa, na baada ya miezi 6 anaporudi kukaguliwa. Kipimo chenyewe si kigeni. Ndicho wanachofanyiwa wagonjwa wa presha na kisukari katika hospitali za kaunti. Wakikusanywa wa kutosha, waliopona moja kwa moja na waliorudiwa na ugonjwa wangelinganishwa, na Kolkata na Hyderabad wangepata jibu kutoka kwa binadamu wa Turkana na Karamoja badala ya kutoka kwa hamsta.